Sinza saa nne usiku

Nyumba za Sinza, Dar es Salaam, hukaguliwa mchana. Dalali anafungua mlango, mtaa umetulia, mpangaji analipa kodi ya miezi sita. Giza likiingia ndipo jirani anapoamka: jiko la nyama choma linawashwa, kisu kinagonga ubaoni, spika inaelekezwa barabarani, yaani dirishani kwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za chumbani usiku zisizidi desibeli 30, na mtoto wa miaka mitatu alale jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mama mmoja aliyehamia huko alishtuka kumwona mwanawe akisinzia mbele ya uji. Akakihamishia kitanda chumba cha nyuma, kisha akamfuata mwenye banda saa tisa alasiri, kabla wateja hawajafika. Angekataliwa, angekwenda serikali ya mtaa. Hakukataliwa, spika ikageuzwa. Kisu kinaendelea, maana nyama lazima ikatwe.

Siku hizi mtoto hulala saa mbili. Jumamosi muziki hupanda tena, na mama hufunga dirisha hata kukiwa na joto.