Stima Ikienda, Mnafanyaje?

Nairobi ukitafuta meza ya kufanyia kazi, unauliza kama kuna paking, kahawa na chumba cha mikutano. Wazo lenyewe, la watu wasiojuana kulipia meza katika ofisi moja, lilianzia San Francisco mwaka 2005. Kwetu lilishika mwaka 2010, iHub ilipofunguliwa Barabara ya Ngong, likaja na viti vya rangi na mtu wa kukuuliza startapu yako inafanya nini. Mimi nilipohamia Lodwar nilikuwa na swali moja tu. Stima ikienda, mnafanyaje?

Kazi yangu ni kunakili sauti. Watu wanafanya mahojiano huko Uingereza, mimi nayasikiliza na kuyaandika. Nalipwa kwa dakika, kila faili ina makataa, na ukichelewachelewa akaunti inafungwa na hakuna ofisi ya kwenda kulia. Pesa hiyo ndiyo inanunua dawa za presha za mama, kule Kalemng'orok. Nilitaka kuwa mahali ambapo akinipigia asubuhi, mchana niko kwake. Kukaa naye Kalemng'orok kabisa kungekuwa bora, ila mtandao wa pale kwa faili zangu ni wa kubahatisha. Lodwar ikawa katikati.

Hii habari ya stima inaniuma kidogo. Mto Turkwel unapita hapa hapa mjini. Huko juu, mpakani na Pokot Magharibi, kuna bwawa lenye mitambo ya megawati 106, lililojengwa kati ya 1986 na 1991. Nyaya zake zilivutwa kuelekea kusini, hadi Lessos, zikaungana na gridi ya taifa. Lodwar yenyewe kwa miaka mingi imewashwa na mashine za dizeli. Yaani miaka yote niliyokuwa nikichaji simu Umoja, huenda nilikuwa nachaji kwa maji ya kwetu.

Basi nikaanza kuzunguka. Hoteli moja yenye bustani ilikuwa na waifai safi, lakini ikifika saa nne semina za mashirika zinajaza kila kona, na huwezi kukaa na soda moja mpaka jioni bila weita kukuangalia vibaya. Saiba ya karibu na steji mwenyewe ni mtu mzuri sana, shida ni makanga. Ukivaa vifaa vya masikioni, bado kati ya sentensi mbili za Mwingereza unasikia "Kakuma! Kakuma mmoja!" Halafu kulikuwa na ofisi ya kweli ya kukodisha meza, feni tatu, sakafu inang'aa. Nikauliza swali langu. Kijana wa mapokezi akacheka. "Stima ikienda tunangoja irudi, madam." Angalau hakunidanganya.

Mahali pazuri kuliko pote hapako mjini. Pako Loropio, kando ya Ziwa Turkana: kampasi ya teknolojia iliyochorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, ikakamilika 2021. Ina minara kama vichuguu vya mchwa, hewa moto inapanda na kutokea juu, baridi inaingia chini. Ningeweza kukaa pale siku nzima nikitazama ukuta tu. Lakini ni pa kufundishia vijana, na kutoka pale mpaka Kalemng'orok, mama akiniita, nitafika kesho.

Nilichochagua ni stoo. Iko nyuma ya duka la mama mmoja mwenye sola na betri kubwa za friji ya soda. Nje kuna mti, na chini yake wazee wanaketi tangu asubuhi, kila mmoja na ekicholong yake, kigoda ambacho mtu akichoka anakigeuza mto wa kichwa. Hao walishamaliza mambo ya meza za pamoja zamani sana, na kiti unakuja nacho mwenyewe.

"Kaa tu, mwanangu," mwenye duka aliniambia, "lakini friji ndiyo ya kwanza."

Tukakubaliana. Faili nzito nazituma saa sita mpaka saa tisa, jua likiwa kali na betri zimejaa. Usiku ni wa friji.

Chumba kinatosha watu wawili, kwa hivyo nikampigia mwenzangu wa kazi. Alizaliwa katika kambi ya Kakuma, ile iliyofunguliwa 1992, na ananakili vizuri kunishinda. Nikamwambia aje tugawane kodi. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba kuja Lodwar anahitaji kibali cha kusafiri, na kibali si cha kuja kukaa.

"Wewe chagua tu, dada. Utanitumia picha."

Nilimtumia: meza, betri, friji, kuku wa mwenye duka mlangoni. Akajibu baada ya dakika moja.

"Na feni iko wapi?"

Nikamwambia feni ni ya mwezi ujao.