Nywele za Mama Watoto

Kila Jumamosi ya pili, jua likishapungua ukali, wapitao kando ya ua wetu hapa Muheza humwona mzee wa miaka 74 amekaa kitini, na mkewe amekaa mbele yake juu ya kigoda, kichwa kimeegemea goti la mzee. Mzee ana kitana chenye mkia mrefu mkononi, na kikopo cha mafuta ya nazi kiko chini karibu na mguu wake. Wengine hupunguza mwendo. Vijana wa bodaboda huniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," kisha wakishapita kona nasikia kicheko. Siwalaumu. Kama ningelimwona mwalimu wangu wa chuo cha ualimu akimsuka mkewe barazani, nami ningelicheka, tena ningelitafuta mtu wa kumsimulia.

Mke wangu alipatwa na kiharusi mwezi wa Agosti 2019. Baada ya miezi ya mazoezi miguu ilirudi, ingawa kwa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Mdomo nao ulishuka kidogo upande huo huo wa kulia, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Katika yote aliyopungukiwa, sikufikiri hata siku moja juu ya nywele. Alikuwa akijisuka mwenyewe tangu nimwoe mwaka 1976, mikono yake miwili nyuma ya kichwa, macho yako kwenye chungu jikoni. Mimi niliona nywele zimesukwa kama nionavyo kumekucha. Sikujua kuwa ni kazi.

Binti zetu wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Dodoma. Walipoondoka baada ya kumwuguza, nywele zilikaa wiki tano bila kufumuliwa. Jirani mmoja, mama mwema kabisa, akaja kunishauri. "Mnyoeni tu, Mwalimu. Kichwa kikiwa chepesi hata kumwogesha ni rahisi." Mgonjwa alikuwa pale pale anasikia. Hakujibu, kwa kuwa jibu lingemchukua muda. Alivuta kanga kwa mkono wa kushoto akafunika kichwa.

Hapo, ndugu msomaji, ni lazima nikueleze habari za mkasi wangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka 22. Kanuni ilikuwa nywele fupi, wavulana kwa wasichana, na nilikuwa na sababu zangu ambazo hata leo sizioni kuwa za kipuuzi: chawa, mapunye, na watoto wa maskini wasijione duni mbele ya wenye kusukwa kila wiki. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikagua mistarini. Aliyezidisha nilimpitishia mkasi mara moja tu katikati ya kichwa, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ili akienda nyumbani asiwe na hila tena ila kunyoa chote. Mwaka 1988 alikuwapo msichana wa darasa la tano mwenye uso wa mviringo hasa, mashavu yamejaa, aliyekuja na mabutu manne marefu. Nilimpitishia. Kesho yake alirudi amenyolewa kipara, na kabla ya kengele ya mapumziko shule nzima ilikuwa inamwita Tikiti. Jina lile nililisikia. Nilitabasamu. Wiki ile ile akaacha kuja, akakaa nyumbani siku kumi. Aliporudi amejifunga kitambaa, nikamwamuru akivue. Mwaka uliofuata wazazi wake walihama, na sijapata kumwona tena.

Basi jirani aliposema "mnyoeni", na kanga ikavutwa, niliyemwona chini ya kanga ile hakuwa mke wangu peke yake. Uso wake nao ni wa mviringo.

Nilimpeleka saluni. Msusi alikuwa kijana mwenye heshima, na ukutani alikuwa na picha za nyuso zenye maumbo mbalimbali: yai, mraba, moyo, mviringo. Akanifundisha kama nilivyokuwa nikifundisha. Uso wa mviringo, alisema, ni ule ambao urefu wake na upana wake unakaribiana, na taya halina pembe. Kila mtindo unaochaguliwa kwa uso huo kazi yake ni kuufanya uonekane mrefu kidogo. Nilikuwa na rula nyumbani; jioni nikampima mke wangu kutoka paji hadi kidevu, kisha shavu kwa shavu. Sentimita 17 kwa 15. Alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti, akasema, "Unapima... shamba?"

Jambo moja lilinisumbua, na linanisumbua bado. Nani aliamua kwamba uso wa yai ndio kipimo, na nyuso nyingine zote ni makosa ya kusahihishwa? Katika lugha yetu mtu akitaka kumsifu mwanamke hasemi ana uso kama yai. Husema ana uso kama mwezi wa kumi na nne, yaani mwezi uliokamilika, nao hauna pembe. Nilimweleza msusi hayo kwa kirefu. Akanisikiliza, mikono yake haikusimama, akasema, "Ni kweli, Mwalimu, lakini wateja hawaniombi mwezi."

Mtindo wa kwanza ulikuwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilisikia neno "kurefusha" nikadhani nywele ndefu zenyewe zinatosha. Nikaomba rasta ndefu, nyingi, njia katikati, zishuke pande zote mbili zifunike mashavu. Ilichukua saa tano. Zilipokwisha, mke wangu alikuwa kama mtu anayechungulia dirishani kati ya mapazia mawili. Uso haukurefuka; ulibanwa. Tena rasta zile zilikuwa nzito kwa shingo iliyokuwa bado dhaifu, na zilikazwa mno kwenye paji na pembeni mwa masikio, hata vikatoka vipele vidogo. Siku ya tatu alijitazama kwenye kioo muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "uso wangu... umeuweka wapi?"

Tulizifumua usiku ule ule. Kesho yake nilirudi kwa msusi peke yangu, na safari hii nilikwenda na daftari.

Nilipokuwa nafundisha hisabati nilikuwa na mchezo mmoja wa kuwaamsha watoto baada ya uji. Nilichora ubaoni mstari mlalo, kisha mstari wima wa urefu ule ule ukisimama katikati yake, nikawauliza upi mrefu. Darasa zima lilisema wa wima. Nikapima mbele yao, wakaona ni sawa, na bado macho yao yalikataa. Alichonieleza msusi siku ile kilikuwa mchezo ule ule. Macho ya binadamu huuongezea urefu mstari uliosimama. Kwa hiyo njia zinazopanda kutoka kwenye paji kwenda utosini hurefusha uso. Nywele zilizokatwa mkato mmoja na kulazwa juu ya paji huufupisha, maana zinachora mstari mlalo. Nywele zinazojaa usawa wa mashavu huongeza upana pale pale ulipo upana. Ndiyo sababu afro ya mke wangu katika picha yetu ya studio ya mwaka 1975, ambayo mimi naipenda kupita picha zote, inamfanya aonekane kama jua limechomoza ndani ya mwezi. Kwa uso wa mviringo wingi wa nywele uwe juu, utosini, au uwe chini, kuanzia mabegani, usiwe katikati. Na njia isipite katikati kabisa, kwa kuwa jicho linaloona nusu mbili zilizo sawa hutambua duara upesi. Ianzie juu ya nyusi moja, ikate kwa mshazari kuelekea nyuma.

Twende kilioni, msusi alisema, haufai sana peke yake, kwa kuwa unavuta kila kitu nyuma na kuuacha uso peupe. Lakini ukiinua mistari yake ikutane juu kidogo utosini ndipo ianguke mgongoni, mambo hubadilika. Nikauliza juu ya nywele zake mwenyewe, bila rasta. Akasema nywele zetu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, ila zikijikunja huficha nusu ya urefu wake au zaidi. Zikifungwa uzi mweusi kwa siku mbili hunyooka bila moto wala dawa. Hayo mke wangu alikuwa akiyajua tangu utoto. Hakuna aliyemwuliza.

Kilichobaki kilikuwa mikono. Saluni kila baada ya wiki mbili, na teksi ya kwenda na kurudi, pensheni ya mwalimu haiyawezi. Nikaamua kujifunza. Mama yangu alikuwa akisuka mikeka, na utotoni nilimsukia ukili wa miaa kabla sijaruhusiwa kwenda kuwinda ndege. Nikatafuta nyuzi za mkonge, ambazo hapa kwetu Tanga hazijapata kuadimika, nikazifunga kwenye mguu wa meza, nikaanza. Vidole vilikumbuka baada ya miaka 60. Tofauti ni kwamba mkonge haulii. Mara ya kwanza kichwani mwa mke wangu nilivuta kama nafunga mzigo, akanipiga goti kwa mkono wa kushoto. Nikajifunza kulegeza, hasa pembeni, kwa kuwa nywele za kandokando zikivutwa miaka mingi huondoka zisirudi. Nimewaona mama wengi ambao paji lao limehamia utosini.

Basi nikamsuka kama daftari lilivyosema. Mistari ikapanda, njia ikaanzia juu ya nyusi ya kushoto, nyuma zikaanguka zake mwenyewe zikiwa zimenyooshwa kwa uzi, nazo zilipita mabega. Mbele nikaacha misuko miwili myembamba ishuke karibu na masikio mpaka chini ya kidevu. Msusi alikuwa ameniambia kuwa hiyo miwili hupunguza upana wa mashavu. Mimi nikaongeza la kwangu, wala sikumwambia mtu: upande wa kulia, badala ya mmoja, nikaacha mitatu, minene, nikailaza mbele hadi pembe ya mdomo. Pale mdomo ulipokuwa umeshuka.

Alijitazama. Akachukua ile mitatu kwa mkono wa kushoto, akaipeleka nyuma ya sikio.

Nikadhani inamsumbua macho. Wiki mbili baadaye nikaifanya tena, safari hii mifupi zaidi. Akairudisha nyuma tena. Mara ya tatu aliushika mkono wangu kabla sijaanza upande ule.

"Mwalimu. Duara... sijali. Huu mdomo ndio unaouficha?"

Nilisema sifichi kitu. Nimesema uongo mara chache mbele yake, na kila mara amenijua.

"Wageni wameuona," alisema. "Wajukuu wameuona. Wewe tu."

Alikuwa msichana wa darasani mwaka 1968, Vijana wa TANU walipotangaza Operesheni Vijana na kupiga marufuku mawigi na sketi fupi kuanzia Januari 1, 1969. Dada yake mkubwa alikuwa na wigi moja, akalificha ndani ya debe la mchele, likakaa humo hadi panya walipolipata. Kisa hicho alinisimulia tulipooana, na nakumbuka alivyomalizia: kwamba tangu zamani wanaume wana amri nyingi juu ya vichwa vya wanawake, na hawajui hata kufumua. Wakati ule nilicheka.

Leo ni Jumamosi. Misuko miwili mbele, mmoja kila upande, myembamba. Mistari kumi na moja ya kupanda. Nilipomaliza alipitisha vidole vyake vya kushoto kichwani, taratibu, mstari baada ya mstari, kama nilivyokuwa nikipita na kalamu nyekundu juu ya madaftari, akafika wa nne akasimama.

"Huu umepinda."

Nikasema haujapinda.

"Fumua," alisema.

Nikachukua kitana.