Msiba Usio na Mkosaji

Jumanne ya tarehe 25 Februari 2014, huko Wellington katika jimbo la Florida, Carlos Gracida alipanda farasi kucheza polo kama alivyofanya tangu utotoni, na hakurudi nyumbani. Katikati ya mchezo, fimbo ya mpinzani ilimpiga farasi wake kichwani kwa bahati mbaya. Farasi akapoteza mwelekeo, mpandaji akaanguka. Alifariki siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Kifo cha ghafla hutufanya tumtafute mtu. Kwetu, hata kaburi halijachimbwa, maswali yamekwisha zagaa: alikuwa na nani, gari lilikuwa la nani, dereva alilala saa ngapi. Jibu likikosekana, hawakosekani wa kunong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Siwacheki. Hasira hubebeka kuliko huzuni, maana hasira ina pa kuelekea. Kifo cha Gracida kinanisumbua kwa sababu ukiizungusha hasira hiyo kutwa nzima, huoni pa kuitua. Farasi ndiye aliyeumia kwanza. Na yule aliyeinua fimbo alikuwa anacheza tu.

Polo kwetu si mchezo wa wengi, labda uwe umewahi kupita Jamhuri jijini Nairobi siku ya mechi, au Gilgil. Wapanda farasi wanne kwa wanne, farasi wanakwenda mbio kweli kweli, na mpira wenyewe unaenea kiganjani. Mpinzani anaruhusiwa kuikinga fimbo yako kwa fimbo yake pale unapotaka kupiga. Hiyo si faulo, ndiyo ulinzi wenyewe. Ila kanuni nyingine zote ni kali. Mpira ukishapigwa huacha mstari wake, na anayeufuata mstari huo ana haki ya njia. Anayemkatizia mbele anaadhibiwa. Fimbo hushikwa kwa mkono wa kulia tu, hata na mwenye mashoto, ili wawili wanaokutana uso kwa uso wasigongane. Ukizisoma kanuni hizo utadhani waandishi wake walikuwa ndio kwanza wametoka mazikoni.

Aliyekufa hakuwa mgeni wala kijana mwenye papara. Gracida alizaliwa Mexico City mwaka 1960, katika ukoo ambao farasi walikuwa ndiyo kazi. Mwaka 1946 baba yake, Guillermo, pamoja na ndugu zake watatu walikwenda Marekani wakatwaa Ubingwa wa Wazi wa nchi hiyo, timu nzima ndugu watupu. Kaka yake, Memo, alikuja kuutwaa ubingwa huo mara 16. Carlos mwenyewe aliutwaa mara tisa, Kombe la Dhahabu la Uingereza mara kumi, na Ubingwa wa Wazi wa Argentina, unaochezwa Palermo jijini Buenos Aires, mara tano.

Alipokufa, hesabu hizo ndizo zilizotangulia kutajwa, na ni haki yake. Lakini alikuwa pia mwalimu, na makombe ya mwalimu hayana kabati. Nimejiuliza kama pana mahali ambapo kazi yake ya kufundisha ingeweza kuonekana kwa macho, na nadhani nimepaona: katika yale makombe kumi ya Uingereza.

Katika polo kila mchezaji hupewa namba inayopima uwezo wake, kuanzia chini ya sifuri hadi 10. Wa 10 ni wachache duniani kwa wakati wowote, na Gracida alikaa na namba hiyo kwa zaidi ya muongo mzima. Palermo hakuna kikomo. Bora hukusanyika na bora. Kombe la Dhahabu, linalochezwa Cowdray Park, lina kikomo: namba za wachezaji wanne zikijumlishwa zisizidi 22. Ukimchukua mtu wa 10, wenzake watatu wanagawana 12 zilizobaki. Na mmoja wa hao mara nyingi ndiye tajiri wa timu, mwenye farasi na mwenye kulipa mishahara, ambaye anapenda mchezo kuliko anavyouweza.

Basi fikiria kazi ya mtu wa 10 hapo. Kupiga mabao peke yake hakutoshi. Lazima amfanye tajiri awe na faida uwanjani, na kumfokea hawezi, maana ndiye anayemlipa. Kocha wa pembeni hafui dafu, kwani uwanja una urefu wa karibu mita 275 na sauti humezwa na kishindo cha kwato. Mafunzo hutolewa mbioni, kwa maneno mawili matatu: acha mpira, mkabe mtu, geuza. Anayeambiwa aache mpira anaona uchungu, kwa sababu mpira ndio uliomleta. Kumshawishi mtu mzima, tajiri, kwamba akimkaba mpinzani bila kuugusa mpira amefanya la maana, huo ni ualimu. Mtu akifanikiwa mara kumi kwenye kombe moja, hiyo si bahati.

Mwaka 1994 alikuwa Argentina na timu ya Ellerstina, iliyotwaa makombe yote matatu makubwa ya nchi hiyo kwa msimu mmoja. Yeye alikuwa na miaka 34. Kwenye timu hiyo alikuwamo kijana wa miaka 19, Adolfo Cambiaso, ambaye baadaye wengi walimwona kuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kuishi. Sitadai kwamba Gracida ndiye aliyemfundisha Cambiaso. Kijana yule alizaliwa na kipaji chake na alikuwa na walimu wengi. Nasema tu kwamba alicheza ubavuni mwake akiwa bado wa miaka hiyo.

Hapa ndipo msiba wa kocha unapokuwa na sura yake. Wa mchezaji tunaujua: kiti kimoja kimebaki wazi, namba moja imefutwa. Alichonacho kocha kimetawanyika ndani ya watu wengine, na wengi wao hawajui ni kipi chake na kipi chao. Mtu atauacha mpira kwa ajili ya mwenzake katika uwanja fulani wa mbali, asijue ni sauti ya nani iliyomzoeza.

Nimejaribu kuwaza kanuni ingeandikwaje baada ya Jumanne ile, kama inavyoelekea zile nyingine ziliandikwa. Ukikataza kukinga fimbo, umeondoa nusu ya ulinzi na mchezo haupo tena. Ukimfunika farasi uso kwa ngao, umempunguzia kuona, na tayari hakioni kilicho sawasawa mbele ya paji lake. Fimbo ikiwa fupi, mpira haufikiwi. Msimu wa Wellington uliendelea, na fimbo ziliendelea kukingwa kwa fimbo.