Klipu Ilitrendi, Bibi Akanyamaza

Kuna binti mmoja wa chuo hapa Dar, jina kapuni. Yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu, masomo yake Historia na Kiswahili. Ila mtaani hawamjui kwa ualimu, wanamjua kwa zile klipu zake za kuchekesha. Anajifunga kaniki, anajichora ndevu kwa wanja, anaigiza wazee wa zamani.

Mwaka jana alitoa moja iliyompa wafuasi kuliko zote alizowahi kutoa. Humo ni shujaa wa Maji Maji. Anajimwagia maji ya chupa, anamwambia Mjerumani "haya piga sasa", mara puu! yuko chini. Anainuka taratibu, anaikagua ile chupa, anasema, "Kumbe haya yalikuwa ya bomba."

Watu walicheka mpaka basi. Komenti zikamiminika, wengine wakawa wanatagi walimu wao wa Historia.

Tatizo moja tu. Binti huyo kwao ni Songea.

Binamu yake aliyeko huko akamwonyesha bibi yao klipu kwenye simu. Jumapili binti akapiga kama kawaida. Shikamoo, marahaba, halafu kimya. Bibi huyu huwa anaongea mpaka salio linakata, lakini siku hiyo aliuliza kitu kimoja: "Mjukuu wangu, ndiyo mnayofundishwa huko?" Binti akajitetea, "Bibi, ule ni utani tu jamani." Bibi akasema, "Sawa. Mwezi wa pili uje nyumbani."

Ile "sawa" ndiyo ilimtesa. Bora angegombezwa.

Akaanza kujiuliza utani ule aliutoa wapi. Hakuutunga kichwani, ulikuwa kwenye daftari lake la sekondari. Swali la ukoloni lilikuwa linakuja vilevile miaka yote: kwa nini Waafrika walishindwa? Na hoja zilikuwa zilezile: silaha duni, kukosa umoja, kuamini ushirikina. Unakariri, unamwaga, unapata vema zako. Yeye alipata A kwa hoja hizo. Hakumbuki hata siku moja kuulizwa wale watu walikuwa wanakataa nini.

Safari hii akaingia maktaba bila mtihani wowote mbele yake. Akakuta mambo yalianza Julai 1905 kule Umatumbi, na kitu cha kwanza walichofanya watu ni kung'oa pamba. Pamba ile walilazimishwa kuilima, wakati mashamba yao wenyewe yanangoja. Malipo yalikuwa ya kudhalilisha, kodi ilikuwa palepale, na anayesitasita anachapwa viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye habari za dawa ya maji zilitoka kwake, alinyongwa mapema tu, Agosti 1905. Lakini vita vikaendelea mpaka 1907. Hapo akakwama kidogo. Kama ni ushirikina wa mtu mmoja, mbona hawakurudi nyumbani alipokufa?

Kilichomshika zaidi ni yale maji yenyewe. Kusini yote ile kulikuwa na Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, makabila kama 20 hivi. Hawakuwa na mfalme mmoja, na wengine walikuwa na uhasama wa tangu zamani. Wakapita wajumbe walioitwa hongo (siyo hongo hii ya barabarani) wakigawa maji. Ukishayapokea, umekula kiapo na mtu ambaye jana alikuwa adui yako. Yaani ile "kukosa umoja" aliyokuwa anaijaza kwenye mtihani, wenzake walikuwa wameitafutia dawa. Agosti 30, 1905, maelfu yao walilivamia boma la Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Walikufa wengi sana siku hiyo.

Mwezi wa pili akapanda basi alfajiri pale Mbezi. Iringa, Makambako, Njombe, anafika Songea usiku, miguu imevimba. Mji huu timu yake ya mpira inaitwa Majimaji, uwanja unaitwa Majimaji, na yeye amekua akiyatamka majina hayo bila kuyafikiria.

Bibi hakuzungumzia klipu. Alimpeleka makumbusho ya Maji Maji, siku ya kumbukumbu, Februari 27. Ndiyo tarehe ambayo mwaka 1906 Wajerumani walinyonga wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 na kuwafukia kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake pembeni. Ukoo wake unasema kichwa hakimo, kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapohapo akaomba msamaha, akakutana na wajukuu wa nduna na kuahidi kusaidia kutafuta.

Bibi akasimama mbele ya lile kaburi la pamoja na kuanza kusimulia, sauti ya chini. Bibi yake yeye alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Hakuwahi kusimulia risasi hata mara moja. Alikuwa anasimulia njaa. Askari walichoma maghala na mashamba, watu wakachimba mizizi porini, na mdogo wake wa kunyonya hakufika msimu wa kulima. Vitabu vinasema hivyohivyo: wengi hawakuuawa na bunduki, waliuawa na njaa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000, na wanahistoria wa baadaye wanataja mpaka 300,000.

"Wewe umecheka maji," bibi akamwambia. "Mimi huwa nafikiria yule mtoto."

Binti hakuwa na la kujibu. Alimshika bibi mkono, wakatafuta bodaboda.

Aliporudi Dar alirekodi klipu nyingine, bila ndevu za wanja wala muziki. Akaeleza pamba, kiapo cha maji na njaa. Haikufikisha hata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza. Mtu akaandika, "Dada rudisha vichekesho, hatujaja darasani." Wafuasi wakaanza kuchomoka, na tangazo la nywele alilokuwa ameahidiwa nalo likaishia hewani.

Ile ya zamani bado ipo. Mara mbili amefungua ili aifute, mara mbili ameiacha, kwa sababu ndiyo inayoleta watu, na hela ya kodi ya chumba imetoka humohumo. Alichofanya ni kuibandikia komenti ya juu: "Nilikuwa sijui. Tazama na hii nyingine."

Mwezi ujao anaenda mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, na mada imemwangukia hiyohiyo. Hoja za mtihani atawapa, maana wanafunzi hawawezi kufeli kwa ajili yake. Ila kwenye andalio la somo, swali la kwanza la ubaoni siyo "kwa nini walishindwa?" Ameandika, "Walikuwa wanakataa nini?"

Haya wadau, ungekuwa wewe, ile klipu ungeifuta?