Tunguu la Ua si Kitunguu



Je, umewahi kuliona ua jekundu la mviringo linalochomoza porini mvua za kwanza zinapoanza? Ni kubwa kama mpira wa watoto. Ukilitazama kwa karibu utaona si ua moja. Ni maua madogo mengi sana, yamekusanyika juu ya bua moja. Hupenda kukaa chini ya miti, penye kivuli. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Chini ya ardhi lina tunguu, na tunguu hilo hufanana na kitunguu.

Mimi nililiona karibu na Morogoro, nikalipenda. Nikachukua jembe, nikachimba matunguu matatu papo hapo, yakiwa yamechanua. Nikakata mizizi. Nikayapanda mbele ya nyumba penye jua kali, katika mashimo marefu. Kila jioni nikayamwagilia maji, hata kiangazi. Yote yakaoza. Nilikosea karibu kila kitu.

Mwaka uliofuata nilimwuliza mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na kichaka. Aliniambia, "Ngoja ua life. Ngoja majani yakue, kisha yanyauke. Hapo tunguu limeshiba, linalala." Nikachomeka kijiti mahali pale nisije nikapasahau. Majani yalipokuwa ya njano nikachimba matunguu mawili, polepole, bila kukata mizizi yake minene. Mengine niliyaacha yaendelee kuzaana. Kile kichaka kilikuwa chake, naye aliniruhusu. Katika msitu wa hifadhi usichimbe bila kibali.

Nikayaweka kwenye ungo jikoni, nikaenda kazini. Hapo tukakaribia msiba.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Aliyaona matunguu, akadhani ni vitunguu. Sufuria ilikuwa jikoni, mafuta yamepata moto. Alipokata tunguu la kwanza hakusikia harufu. Macho hayakumwasha. Wakati huo mimi naingia mlangoni. Akaniuliza, kisu mkononi, "Mwanangu, vitunguu gani hivi visivyonuka?"

Nilimshika mkono. Tunguu hili lina sumu. Mahali pengine katika Afrika watu wamelitumia kutengeneza sumu ya mishale. Mbuzi wakilila wanaweza kufa. Tulilifukia shimoni lile lililokatwa, tukaosha kisu na mikono kwa sabuni. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe unafundisha watu kusoma, na ungo wako hauna hata neno moja."

Niliona aibu. Nikachukua kipande cha ubao, nikaandika: SUMU. Ni herufi nne tu. Wewe nawe sasa unaweza kuziandika. Ziandike kabla hujaliingiza tunguu nyumbani, na jikoni usilipeleke kabisa. Mtu akilila kwa bahati mbaya, mpeleke zahanati mara moja, na uchukue kipande cha tunguu ukamwonyeshe mganga.

Tunguu lililobaki nililipanda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, ndani ya wigo wasikofika mbuzi wala watoto. Udongo niliuchanganya na majani yaliyooza na mchanga kidogo, ili maji yasituame. Shingo ya tunguu niliiacha ichungulie juu ya udongo. Kiangazi sikulimwagilia.

Mvua zilipokuja likatoa majani tu. Jirani yangu akacheka, akasema afadhali ningepanda mchicha. Mchicha ninao, tena mwingi, lakini macho nayo yana njaa yake. Ua hili likihamishwa huweza kususa mwaka mzima. Usilifukue kulitazama.

Mwaka wa pili, wiki ya kwanza ya mvua, bua lilitoka kabla ya majani, na siku chache baadaye likachanua lote. Mama alikuwapo. Aliinama mbele ya kibao, akasoma taratibu, "Su-mu." Kisha akavuta mkeka wake mpaka kwenye wigo, akaketi kulitazama.