Kiunzi Kilichoshushwa Bei

Wapo watakaostaajabu kumwona mtu wa vina na mizani anashika kalamu kuandika habari za baiskeli, tena katika kurasa hizi. Nawaomba wanivumilie. Baina ya Novemba 2023 na Machi 2024 sikutunga ubeti hata mmoja ulionishughulisha kama ilivyonishughulisha kazi niliyokuwa nikiifanya baada ya sala ya isha, ambayo wakati wa baridi huku huingia mapema, katika ukumbi mwembamba wa nyumba yetu hapa Cardiff, Wales. Kazi hiyo ilikuwa kuunda baiskeli ya milimani kutokana na kiunzi kitupu, mimi na mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka 18.

Baiskeli ya aina hii si ile ya kwendea sokoni. Imekusudiwa kuteremka. Kiunzi chake, au fremu kama wasemavyo mafundi, hakikuungwa kipande kimoja. Sehemu ya nyuma inacheza juu ya beringi, na baina yake na sehemu ya mbele imekaa shokapu iliyojazwa hewa. Gurudumu la nyuma likipiga jiwe au mzizi hupanda hadi milimita 160, kisha likarudi mahali pake. Mbele, uma unaoshika gurudumu huzama milimita 170. Uma wa kwanza wenye springi uliopata kuenea kwa watu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulizama kiasi cha sentimita 5 tu, na waliouona wakati ule walidhani hiyo ni anasa.

Inafaa ikumbukwe pia kwamba baiskeli ya milimani ilizaliwa katika vitu visivyokuwa na mnunuzi. Katika mlima wa Tamalpais, kaskazini ya San Francisco, vijana wa miaka ya 1970 walizifufua baiskeli kuukuu za Schwinn, nzito na imara, zilizoundwa miongo mitatu au minne kabla yao, wakateremka nazo njia za vumbi. Oktoba 1976 wakaanza kushindana katika njia waliyoiita Repack, kwa sababu breki iliyokuwa ndani ya habu ya nyuma ilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na baada ya kila mteremko habu ilibidi ifunguliwe na kutiwa grisi upya. Mwaka wa pili yake, 1977, Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Lakini kabla ya fremu hiyo mchezo ulikwisha pata umbo lake, na umbo hilo lilikuwa juu ya vyuma vya bei ya chini.

Nacho kiunzi chetu kilikuwa cha bei ya chini. Wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020 na 2021, watu wa Ulaya na Marekani walizikimbilia baiskeli hata maduka yakabaki matupu. Wafanya biashara wakaagiza kwa pupa, na shehena zilipowasili hamu ya wanunuzi ilikwisha poa. Kufikia 2023 maghala yalijaa pomoni. Kijana alinionyesha bei: pauni 1,899 zimepigwa mstari, chini yake 749. Wahenga walisema rahisi ni ghali, kwa hiyo nikataka kujua ila yake kwanza. Rangi yake, njano ya embe lililoiva, ilikuwa ya msimu uliopita. Aidha, mwaka 2019 ililetwa aina moja ya kishikio cha kibadili gia, iliyokusudiwa kuingia katika fremu za kila kiwanda, na fremu zilizoundwa bila ya mahali pake zikaanza kuonekana za jana. Hizo ndizo ila zote. Alumini yenyewe ilikuwa nzima, na viungio vyake vimechomelewa vyema.

Mtu aliyejifunza ushairi barazani, bila ya chuo, analijua jambo hili. Mwaka 1974 ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, vina na mizani navyo vilipigwa mstari kama bei ile. Kezilahabi nampenda, na wakati mwingine namrudia yeye kabla ya wengine wa upande wangu. Hata hivyo sijaona bado ila iliyokuwamo katika mizani kumi na sita yenyewe. Iliyobadilika ni rangi ya msimu.

Mke wangu hakupendezewa na habari za fremu hata kidogo. Fedha zile zilikuwa ujira wa tafsiri niliyoifanya kwa miezi miwili, na yeye alikwisha zihesabu. "Hii ni nauli ya mtu kwenda Unguja," alisema. "Mpeleke mtoto akawaone wenziwe." Alikuwa na haki, na mpaka leo haki hiyo anayo. Kijana wetu anakisikia Kiswahili chote, hata kile cha mafumbo ambacho mama yake hukitumia akikasirika, lakini jawabu humtoka kwa Kiingereza. Amesoma skuli inayofundisha kwa Kiwelsh. Kwa hivyo ana lugha mbili za kusemea na moja ya kusikilizia, na hiyo ya tatu ndiyo yetu. Septemba 2024 alikuwa aondoke kwenda chuoni, mbali. Nilipiga hesabu yangu: wiki tatu za Unguja angezimaliza pwani pamoja na binamu zake, ambao nao wangefurahia kumjaribia Kiingereza chao. Kiunzi kitupu kingempa msimu mzima wa baridi, na mimi ndani yake.

Tukafanya mkataba. Yeye ndiye fundi, kwa kuwa mambo haya anayajua kuliko mimi. Mimi ni mshika zana. Spana haitoki mkononi mwangu mpaka iombwe kwa Kiswahili, na kitu hakifungwi mpaka kimetajwa jina.

Jina la nani, basi? Nilikuwa na makamusi yangu, lakini kamusi haijapata kupaka mikono grisi. Nikampigia simu ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyetengeneza baiskeli Ng'ambo kwa zaidi ya miaka thelathini, Raleigh na Phoenix na zile za Kihindi. "Shikamoo ami," nikamweleza shida yangu. Akacheka sana, kisha akaanza kunipelekea sauti zake za kurekodi, moja baada ya moja, usiku kucha. Zile sauti nimeziweka mpaka leo.

Katika majina yale tuliiona pwani nzima. Usukani tumeutoa katika jahazi, kwenye ile sukani ya tezi. Tandiko tumemvua punda. Kiraka kimetoka katika nguo, gololi zimeingia katika michezo ya watoto, na kiunzi chenyewe ni ndugu wa kuunda, kazi ya waunda vyombo. Baada ya hapo ndiyo yakaja yaliyoshuka bandarini pamoja na makasha: fremu, breki, pedeli, habu, ringi, madigadi. Sioni aibu kwa hayo ya mwisho. Wako wataalamu wanaotutaka tuyang'oe na kupanda mengine badala yake, na mimi nimewahi kukaa nao kwenye mikutano. Mwenzao ami, ambaye hajaalikwa hata mkutano mmoja, amelitia neno habu katika ngeli yake na kulinyambua wingi wake bila ya kumwuliza mtu.

Mwanangu naye alikuwa na lake la kunifunza. Kwa Kiwelsh baiskeli ni beic, gurudumu ni olwyn, mnyororo ni cadwyn, na ameyasoma skuli kama mambo ya kawaida tu. Kwa sensa ya 2021 wanaosema Kiwelsh katika nchi hii ni kiasi cha 538,000, asilimia 17.8 ya watu wa miaka mitatu na kuendelea. Mtaa kwa mtaa, tunaosema Kiswahili tungeweza kuwameza na tusishibe. Lakini wao vibao vya barabarani wameviandika kwa lugha yao, na mimi nilikuwa ukumbini nikimsihi mtoto aseme "nipe spana namba nane".

Magurudumu tuliyasuka wenyewe. Kila moja lina spoki 32, na kila spoki hukatana na nyingine tatu kabla ya kuifikia ringi. Kazi hii ilituchukua jioni sita, nami sikuchoka nayo. Kijana alikuwa na kifaa cha kupimia mvuto wa spoki. Ami, alipoambiwa, alileta sauti fupi: "Mwambie aziguse kwa ukucha, asikilize." Tukazigusa. Spoki iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Iliyovutwa sawa hulia. Katika gurudumu la nyuma, upande wa gia, spoki zimesimama wima zaidi na hubidi zivutwe zaidi, kwa hiyo sauti yake ni nyembamba kuliko ya upande wa pili. Ukilizungusha gurudumu pole pole na kupitisha ukucha, upande mmoja kisha wa pili, unasikia qanuni inayotiwa sawa kabla taarabu haijaanza. Nilimsimulia habari za wapiga qanuni niliowaona utotoni, wanavyoinamisha kichwa kama watu wanaosengenyana na chombo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakiangalia kifaa chake, akaona kinakubaliana na ukucha, akakirudisha sandukuni.

Mnyororo ulikuwa na fumbo lake. Katika baiskeli ya kawaida masafa baina ya krenki na ekseli ya nyuma hayabadiliki, basi mnyororo hupimwa mara moja na kukatwa. Katika hii, kiunzi kinapozama masafa hayo huongezeka. Mnyororo uliopimwa baiskeli ikiwa imesimama tu utakuwa mfupi siku itakapotua kutoka juu ya mwamba, nao ukikaza hapo utavunja kitu, pengine mtu. Kwa hiyo tuliitoa hewa yote ya shokapu, kijana akaikalia baiskeli mpaka ikagota, nami nikalala kifudifudi nikipima, mke wangu akipita juu ya miguu yangu na sinia la chai bila ya kusema neno.

Hewa iliporudishwa ndipo tukakosa maneno. Shokapu ile ina mwendo wa milimita 65, na mpandaji akikaa tu, kabla hajaenda popote, inatakiwa imezwe kwa thuluthi hivi, milimita 19 au 20. Kiingereza kina neno lake fupi. Ami hakuwa nalo, kwa sababu Raleigh haikuwa na shokapu. Nilifikiri, nikakikumbuka kitanda cha kamba cha bibi yangu, namna kilivyopokea mwili wa mtu. Kilikuwa kikinepa. Nikamweleza: kitanda kizuri hunepa kidogo, kikinepa sana mgongo unauma, kisiponepa ni ubao. Hiyo basi ni mnepo. Hakusema kitu. Aliisukuma ile pete ndogo ya mpira inayoonyesha alama, akapanda, akashuka, akainama na rula.

"Imenepa kumi na tano tu," akasema. "Toa hewa."

Sikuwa nimeshika spana wala sikumwuliza kitu. Nikatoa hewa.

Neno jingine tulilibishania siku mbili. Shokapu ikishanepa lazima irudi, na ndani yake mna mafuta yanayoizuia isirudi kwa kasi. Ikirudi upesi mno humrusha mtu, ikichelewa hukutwa na jiwe la pili ikiwa bado imelala. Mimi nilipendekeza "marejeo". Yeye akasema hilo ni neno la vitabu, akaliita "rudi" tu: rudi yake kali, rudi yake nzito. Nimefasiri kwa miaka mingi na nina maoni yangu kuhusu majina yanayotokana na vitenzi, lakini katika ukumbi ule rudi ndiyo iliyobaki.

Machi 2024 tulikwenda Merthyr Tydfil, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Cardiff. Ni mji wa chuma. Mwaka 1804 mtambo wa mvuke ulivuta mzigo juu ya reli kwa mara ya kwanza, kutoka Penydarren, hapo hapo. Viwanda vile vimekwisha, na tangu 2013 katika misitu ya Gethin juu ya mji kuna uwanja wa baiskeli wenye njia zilizotiwa rangi kwa ugumu wake: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Gari huwapandisha watu kileleni, baiskeli zao zikivutwa nyuma juu ya tela. Mimi nilibaki chini na chupa ya chai. Miti ni mingi, huoni kitu. Unasikia mlio wa mipira juu ya mawe unakuja, unapotea, unakuja tena, na huwezi kujua kama ni wa mtoto wako au wa mtoto wa mwenzio. Niliweza kuitaja kila nati ya chombo kile kwa jina lake, na kila jina lilinipa sababu mpya ya hofu. Alipotoka msituni uso wake ulikuwa tope tupu, isipokuwa meno.

Kabla hajanywa chai alichukua simu, akazungumza nayo kando kwa muda wa sekunde arubaini. Sauti ile ilikwenda Unguja: "Shikamoo babu. Baiskeli imeshuka mlima. Shokapu amenepa vizuri, rudi yake nzuri, spoki zote zinalia." Ngeli ilimponyoka mahali pamoja, nami nikanyamaza.

Jawabu lilifika tukiwa ndani ya treni. "Marahaba mjukuu wangu. Picha nimeiona, chombo kizuri mashaallah. Lakini mbona hakina keria? Mkungu wa ndizi utaufunga wapi?"

"Baba, keria ni nini?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaisogeza simu mdomoni. "Babu, hii ni ya kushukia tu. Kupanda, napandishwa na gari."

Tulikisikia kicheko cha mzee yule kabla ya maneno yake, na abiria wawili mbele yetu wakageuka.