Kiambishi Kilichopotea Kituoni

Aghalabu tunapojadili sababu za polisi wetu kushindwa kutatua visa vingi vya mauaji, hutajwa hongo, uhaba wa vifaa, mahali pa tukio palipokanyagwa na kila mpita njia, na mashahidi wanaohofia maisha yao licha ya kuwapo kwa sheria ya kuwalinda ya mwaka 2006. Sizipingi sababu hizo. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuitazama nyingine isiyotajwa sana, nayo ni jinsi maneno ya shahidi yanavyogeuka pindi yanapotiwa kwenye karatasi.

Jirani yetu aliuawa usiku. Shangazi yangu, ambaye hajui Kiingereza, alisikia sauti ng’ambo ya ukuta ikisema, “Mwacheni, amekwisha kufa.” Kulipokucha alikwenda kuandikisha taarifa. Askari alimsikiliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, kisha akampa kalamu atie sahihi kwenye ukurasa asioweza kuusoma. (Sidhani alikuwa na nia mbaya, foleni ilikuwa ndefu.) Katika tafsiri ile, “mwacheni” ikawa amri tupu ya kumwacha mtu. Kiambishi -ni, ambacho kila mwanafunzi wa mofolojia anajua kuwa huonyesha wingi wa wanaoamrishwa, hakina mwenzake katika kitenzi cha Kiingereza. Msemaji alikuwa akiwaamuru wenzake. Kwa hiyo waliokuwamo mle hawakupungua watatu. Polisi walimsaka mtu mmoja, wakamshtaki mmoja. Shangazi alipoeleza mahakamani kwamba lilikuwa kundi, wakili wa mshtakiwa aliinua taarifa ile, akamwuliza mbona hakusema hivyo kituoni. Mshtakiwa aliachiliwa. Hakuna mwingine aliyetafutwa.

Wala si kila neno hupotea kwa bahati mbaya. Julie Ward, Mwingereza, alipouawa Maasai Mara mwaka 1988, daktari aliyeyachunguza mabaki yake aliandika kwamba viungo vilikatwa. Mkubwa wake aliibadilisha ripoti, ikasomeka kana kwamba viliraruliwa, jambo lililoafiki dai kuwa aliliwa na wanyama. Kesi mbili zilizofuata, moja ikiamuliwa 1992 na nyingine 1999, ziliisha kwa washtakiwa kuachiliwa.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, ambayo kifungu cha 198 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai kiliipa Kiingereza kuwa lugha yake. Kiswahili kiliruhusiwa katika mahakama za chini. Ndiyo maana askari huandika kwa lugha ya jaji badala ya lugha ya shahidi. Kwa maoni yangu, taarifa iandikwe kwanza vile vile ilivyotamkwa, shahidi asomewe, ndipo itafsiriwe, na nakala zote mbili zikae katika faili. Tafsiri ikipotoka, jaji atakuwa na asili ya kulinganishia.